Mgeni Katika Chumba Kimoja

(Hotuba ya mwalimu mkimbizi, iliyotolewa mjini Kampala katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya kumpokea mgeni nyumbani. Wengine walipolisikia jambo hilo walicheka. Walisema: Mwalimu, nyumba gani? Sisi tuna chumba.

Ni kweli. Wengi wetu hapa Kampala tunaishi katika muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu kitanda. Upande ule sigiri, jerikani za maji na madaftari ya watoto. Kwa sababu hiyo watu wengi wameacha kukaribisha. Mtu akipiga hodi, mwenye nyumba anatoka, anavuta mlango nyuma yake, na wawili hao wanazungumza uani wakiwa wamesimama. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini madhara yake ni makubwa. Asiyepokea watu, baada ya muda hajui watu. Na usiku mtoto wake akishikwa na homa, hajui mlango wa kugonga.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Angalieni vizuri anayepona hapo ni nani. Ni mwenyeji. Sisi wakimbizi kila siku ni watu wa kupokea: tunapokea kadi, tunapokea namba ya foleni, tunapokea jibu la kurudi wiki ijayo. Lakini siku unapomwambia mtu "karibu ndani", unakuwa tena mwenye nyumba. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulilinde.

Tutazame kwanza desturi za majirani zetu. Katika nyumba za Waganda mgeni hutandikiwa mkeka, na kwa desturi ya zamani hupewa punje za kahawa kavu ndani ya kikapu kidogo, azitafune. Ni punje chache tu, hazishibishi mtu. Ndugu zetu wa Eritrea na Ethiopia hukaanga kahawa mbele ya mgeni ili aisikie harufu yake, kisha huinywa mara tatu, na kikombe cha tatu ni cha baraka. Wasomali wa Kisenyi huandaa chai yenye hiliki na mdalasini. Kwetu Kivu mtoto humimina maji ya kunawa mikono kabla bugali na sombe havijafika. Desturi ni mbalimbali, lakini kazi yake ni moja: zinampa mgeni muda. Zinamwambia: keti, hakuna anayekufukuza. Na muda ni kitu ambacho hata maskini anacho.

Sasa niseme mambo manne ya kufanya katika chumba kimoja.

Kwanza, mahali. Chagueni sehemu moja iwe ya mgeni, hata kama ni mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango. Wekeni kando kikombe kimoja kisafi na maji yaliyochemshwa. Mgeni akiingia, pazia lishushwe, ili asiketi akitazama kitanda cha baba na mama.

Pili, maneno. Tuna mazoea ya kumwuliza mgeni: Ulitoka kijiji gani? Nani alikufa? Kesi yako imefika wapi? Mtu huyo amekwisha kuulizwa hayo ofisini mara nyingi. Nyumbani aulizwe kama ana kiu. Mengine atayasema mwenyewe, akitaka, siku akitaka.

Tatu, chakula. Usikope soda dukani kwa ajili ya mgeni, kwa maana yeye ataondoka na deni litabaki. Kilichopo kigawanywe mbele ya wote. Wala watoto wasitumwe nje ili mgeni ale sehemu yao. Mtoto anayelala na njaa kwa sababu ya mgeni atajifunza kuwachukia wageni.

Nne, mgeni anayelala. Wengine wanafika na mfuko mmoja tu, wametoka mpakani Bunagana au Elegu. Wapokeeni, lakini semeni mapema mtakaa naye siku ngapi. Mwarifuni mwenye kupangisha na Mwenyekiti wa LC I, na mgeni apelekwe kuandikishwa kwenye Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia wakimbizi. Wazazi, nisikilizeni hapa: mgeni msiyemfahamu vizuri asilazwe pamoja na watoto, hata kama anasema lugha yetu. Pazia ni heshima, na ni ulinzi pia. Tena mnajua methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mjini hakuna shamba. Jembe letu ni kuchota maji, kuwasha sigiri, au kumsaidia mtoto hesabu. Kumpa mgeni kazi si kumchoka. Ni kumwambia kwamba sasa ni mtu wa nyumbani.

Ndugu zangu, yupo mgeni mwingine ambaye tunamwogopa kumtaja. Ni yule anayekuja na karatasi kuangalia hali ya familia. Naomba ruhusa ya kusema wazi.

Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, aliarifiwa kwamba wafanyakazi wa shirika fulani watamtembelea. Aliazima kwa jirani viti viwili na vikombe, akanunua sukari. Wageni waliketi, wakanywa chai, wakamshukuru. Baada ya wiki chache aliambiwa kwamba familia yake haimo katika wenye shida zaidi. Sababu hakuelezwa. Lakini majirani walikwisha kuamua: ni viti. Tangu hapo, gari la shirika likionekana, ua mzima unafanya kazi ya kuficha. Godoro linapelekwa chumba cha pili, vikombe vinasukumwa chini ya kitanda, watoto wanavuliwa viatu.

Na watoto wanatazama. Mimi kazi yangu ni kufundisha, na nawaambieni kwamba hilo nalo ni somo. Mtoto anajifunza kwamba mgeni ni mtu wa kudanganywa, na kwamba kuwa na kikombe ni kosa. Sina masomo ya darasani ya kutosha kulifuta hilo.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika naomba haya. Msihesabu vikombe. Ulizeni kodi ya mwezi ni kiasi gani na imelipwa mpaka lini. Ulizeni jana walikula mara ngapi, nani ana kazi, nani ni mgonjwa. Chai mliyonywa isiingie katika karatasi, kwa sababu ukarimu si ushahidi wa utajiri. Kama kanuni za kazi haziwaruhusu kunywa, semeni kwa upole, lakini ketini kwanza. Anayekataa hata kuketi amemvunja moyo mwenye nyumba kabla ya swali la kwanza.

Na sisi wenyewe, tusifiche na tusiazime. Mgeni aione nyumba kama ilivyo: kikombe kilichopo, mkeka uliopo, sufuria tupu kama ni tupu. Ukiona umeandikwa vibaya, njoo kwenye Kamati upate mtu wa kufuatana nawe ofisini. Kulalamika kwa utaratibu ni heshima kuliko kuwafundisha watoto uongo.

Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea. Tunashukuru kwa dhati. Lakini sheria inafungua nchi. Mlango wa chumba unafunguliwa na mwenye chumba. Leo jioni mtakaporudi, fungueni ule mkeka. Anayekuja huenda ni jirani tu, aliyekuwa amezoea kusimama uani.