Mkupuo wa Mstaafu

Tangu mifuko minne ya pensheni ya Tanzania ilipounganishwa mwaka 2018, watumishi wa umma wakawekwa chini ya mfuko mmoja wa PSSSF, hakuna neno lililowatia hofu wastaafu kama kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao yao. Kwani kwa kanuni za mwaka huo huo mkupuo, yaani malipo ya mara moja anayopewa mtu akistaafu, ambao wengi wao waliujua kuwa nusu ya haki yao ulishushwa hadi robo, manung'uniko yakamfikia Rais Magufuli, naye mwezi Desemba akazisimamisha kanuni hizo. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 40.

Insafu yatulazimu kusema kwamba kinachopunguzwa katika mkupuo huongezwa katika malipo ya kila mwezi, na kwamba mifuko ilikuwa imeelemewa, ingawa sehemu ya mzigo huo ilikuwa deni la serikali yenyewe, la miaka ya kabla ya 1999 ambayo watumishi hawakuwa wakichangia. Lakini mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na ushei, ambaye kuta za nyumba yake zimefika kwenye linta, zikingoja mkupuo ule ununue mbao na mabati, hawezi kuezeka kwa malipo ya mwezi ambayo aghalabu huishia katika unga, dawa na sare za mjukuu. Kumbadilishia hesabu mtu huyu, aliyeitumikia dola kwa masharti aliyoyajua, hali amebakisha miezi michache kazini, ni dhuluma. Kanuni mpya iwahusu wanaoajiriwa leo, wenye wasaa wa kujipanga. Waliokaribia miaka sitini walistahiki kulipwa kwa ile waliyoikuta.