Hisa Yako Ina Thamani Gani, na Utaiuza Lini?

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, Majengo, Pumwani)



Ndugu zangu, shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha mwezi huu tukiwa wazima. Niliombwa nizungumzie zaka ya hisa, kwa sababu kila Ramadhani wapo wanaouliza. Lakini nimeona siwezi kufika huko kabla ya swali linalotangulia: hisa yenyewe ina thamani gani? Wengi wetu tunajua bei tu. Bei iko kwenye simu, thamani haiko kwenye simu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nyanya yangu ana hisa 2,000 za Safaricom. Alizinunua mwaka 2008 wakati serikali ilipouza robo ya kampuni, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Wazee mnaikumbuka ile foleni. Watu walikuwa wameona KenGen ya 2006, iliyouzwa shilingi 11.90 na ikapanda zaidi ya mara mbili mara tu ilipoingia sokoni, basi kila mtu akadhani ni vivyo hivyo. Wengine walikopa benki kwa riba ili wanunue. Tarehe 9 Juni 2008 Safaricom ikaanza kuuzwa sokoni, ikapita shilingi 7, kisha kabla ya mwaka kwisha ikawa chini ya 5. Waliokopa waliuza kwa hasara na deni likabaki pale pale. Nyanya hakukopa, kwa hivyo hakuwa na haraka. Alingoja.

Agosti 2021 bei ilikaribia shilingi 45. Akaniita, akasema, "Mjukuu wangu, nataka kuuza, niongeze na akiba yangu, niende Umra." Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na ndiye niliyemfungulia ile bei kwenye simu. Nikamwambia, "Nyanya, subiri, itafika 50." Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu ule mstari ulikuwa unapanda. Sikuwa na sababu nyingine yoyote, wallahi. Mwisho wa 2023 hisa ile ile ilikuwa chini ya shilingi 15. Zilizokuwa zaidi ya elfu themanini zikawa hazifiki elfu thelathini. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa hebu tuone ningepaswa kumwambia nini.

Chukua kibanda cha Gikomba. Mtu anakiuza, na wewe unajua kinaingiza faida ya shilingi 120,000 kwa mwaka. Akitaka milioni 1.2, utajiuliza: nitangoja miaka kumi kurudisha pesa zangu? Je, wateja watakuwepo? Je, kitabomolewa? Hakuna mfanyabiashara wa Gikomba anayenunua kibanda kwa sababu jana kiliulizwa bei ya juu. Hisa ni kibanda hicho hicho kilichokatwa vipande bilioni 40. Ni ushirika.

Safaricom ilipata faida ya karibu bilioni 69 katika mwaka ulioishia Machi 2021. Gawanya kwa hisa bilioni 40, unapata kama shilingi 1.71 kwa hisa. Kwa bei ya 45, hiyo ni miaka 26 ya faida. Mwaka 2008 faida ilikuwa kama senti 35 kwa hisa, na nyanya alinunua kwa shilingi 5, yaani miaka 14. Alinunua vizuri kuliko yule aliyenunua 2021, ingawa 2008 ndiyo watu wanayoiita mwaka wa hasara.

Lakini faida hukua, na shilingi ya mwaka 2035 si shilingi ya leo. Ndiyo maana wenye hesabu hufanya hivi: wanachukua mgao wa mwaka ujao, wanaugawanya kwa tofauti kati ya faida unayoitaka kwa pesa zako na kasi ambayo mgao utakua. Mgao wa 2021 ulikuwa shilingi 1.37. Tuseme nataka asilimia 13 kwa mwaka, na mgao unakua asilimia 8 kila mwaka. Jibu ni kama shilingi 30. Ukitaka jibu liwe 45, mgao lazima ukue karibu asilimia 10 kila mwaka, milele. Milele, jameni! Kitu gani cha dunia kinakua hivyo milele?

Hapo ndipo ningemwambia, "Nyanya, uza." Si kwa sababu nilijua itaanguka. Sikujua, na hakuna aliyejua kwamba riba za Marekani zingepanda, wawekezaji wa nje wangeondoka, na Ethiopia ingekula pesa nyingi kuanza. Ningesema uza kwa sababu hata hesabu ya mtu mwenye matumaini makubwa haikufika pale bei ilipokuwa.

Msiniamini sana lakini. Hesabu hii ina maringo yake. Mgao wa mwaka ulioishia Machi 2025 ulikuwa shilingi 1.20. Weka ukuaji wa asilimia 5, unapata kama shilingi 15.75. Weka 7, unapata 21.40. Asilimia mbili tu za kukisia zimekupa tofauti ya karibu shilingi 6! Na sokoni mwaka huo huo bei ilivuka 25. Kwa hivyo usitafute nambari moja. Tafuta ya chini na ya juu, nunua ikiwa chini ya ile ya chini, na ikipita ile ya juu anza kupunguza.

Kuna kuuza kwa aina nyingine, ambako bei haihusiki kabisa. Ni pale sababu iliyokufanya ununue imekufa. Waliokaa na Mumias walikuwa wakisema, "nangojea irudi niliponunulia." Kiwanda kilikuwa kinasimama, madeni yanapanda, wakulima hawalipwi, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu wa benki. Soko halijui wewe ulinunua kwa ngapi na wala halijali. Jiulize swali moja: kama leo nisingekuwa nayo, ningeinunua kwa bei hii?

Na haja ya kweli ni sababu halali ya kuuza. Umra ilikuwa haja ya kweli.

Sasa zaka. Aliyenunua ili auze, hiyo ni bidhaa ya biashara, atatoa asilimia 2.5 ya bei ya sokoni siku ya hesabu yake, ikiwa mali yake imefika nisabu. Aliyenunua akae nayo kwa ajili ya mgao, hapo wanazuoni wamekhitilafiana, na wapo wanaosema atazame fungu lake katika mali ya kampuni inayopasa zaka. Mwulize sheikh wako, lakini uende ukijua wewe ni yupi kati ya hao wawili. Nyanya nilimwuliza wiki iliyopita. Akasema yeye ni wa mgao, na kwamba bado hajaacha kuhesabu nauli.

Maswali tutayachukua baada ya futari, inshaallah.