Kukonda si Uzee

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wahudumu na jamaa za wazee wanaoishi katika nyumba za kutunzia wazee



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufikisha habari. Lakini habari ya leo naijua pia kama mjukuu. Nyanya yangu alipoanza kukonda, sote tulisema, "Ni uzee." Leso iliyomzunguka mara moja ikamzunguka mara mbili, nasi tukazidi kumpelekea soda na biskuti. Hakuna aliyempima uzito. Alipoanguka na kuvunjika nyonga, ndipo tulipoambiwa kuwa mwili wake ulikuwa na njaa.

Mzee hula kidogo kwa sababu nyingi: meno yameng'oka, dawa zimeharibu ladha, mkono unatetemeka, au anakula peke yake. Lakini hitaji lake la protini halipungui. Wataalamu wa lishe hushauri angalau gramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mzee wa kilo 50 anahitaji gramu 50, na uji mtupu hauwezi kumpa hizo.

Kwanza, mpimeni kila mwezi na muandike. Aliyepoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi, yaani kilo 2.5 kwa mwenye kilo 50, apelekwe kliniki bila kungoja.

Pili, boresheni chakula chenyewe. Uji upikwe kwa maziwa na kutiwa njugu zilizosagwa. Omena zisagwe zichanganywe na mboga. Yai lipondwe kwenye viazi.

Tatu, chakula kisipotosha, afisa wa lishe anaweza kumwandikia kinywaji cha virutubisho. Kinywaji hicho hunywewa kati ya milo, si badala ya mlo. Msikiongeze maji ili kiwatoshe wawili. Hakitamsaidia hata mmoja. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo asipewe bila ushauri. Na kidonge cha vitamini hakichukui nafasi ya chakula.

Jamaa, Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Mkija kumtembelea, acheni soda, leteni mayai na maziwa. Kaeni naye anapokula. Kabla ya kuondoka, muulizeni mhudumu swali moja: "Mwezi huu ana kilo ngapi?"