Wetu Tunawakumbuka kwa Jina, Wengine kwa Kundi

(Hotuba ya mwalimu mmoja wa makazi yetu, iliyosomwa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Nimepewa dakika kumi niseme juu ya ujirani mwema. Mwalimu huanza na daftari. Juma lililopita nilimwomba Ndugu Katibu anionyeshe daftari la malalamiko, nikasoma ya miezi sita. Mkimbizi akigombana na mkimbizi mwenzake, limeandikwa jina lake, jina la baba yake na namba ya nyumba. Lakini penye ugomvi na watu wa nje, nilikuta hivi: “Wenyeji wameingiza ng'ombe katika mihogo.” “Wenyeji wamewapiga mama zetu kwenye kuni.” Wenyeji gani? Wangapi? Hakuna jina hata moja.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC wa kijiji jirani, nikamwomba daftari lake. Alicheka, akanipa. Humo nasi tumo: “Wakimbizi wamekata miti.” “Wakimbizi wameiba kuku.” Kuku mmoja, na wezi ni sisi sote pamoja na watoto wanaonyonya!

Ajabu ni kwamba wengi wetu tuliotoka upande wa Kongo ni Wakakwa, na waliotupokea ni Wakakwa. Lugha ni moja, na wako wenye babu mmoja. Mpaka ulichorwa na Wazungu. Koboko na Arua zilikuwa katika eneo la Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipokufa mwaka 1909 zikapita mikononi mwa Sudan, ndipo mwaka 1914 zikatiwa Uganda. Basi kinachotugawa pale kwenye bomba la maji si damu. Ni kadi ya chakula.

Na kadi inatosha. Alikuwako mtaalamu mmoja, Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland. Katika Vita Kuu ya Pili alipigana upande wa Ufaransa, akatekwa na Wajerumani, na vita vilipokwisha akakuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Baadaye alifundisha Bristol, Uingereza. Mwaka 1970 alitangaza jaribio alilofanya kwa wavulana wa shule. Wengine aliwaambia kwamba wanapenda picha za mchoraji Klee, wengine kwamba wanapenda za Kandinsky. Kwa kweli aliwagawa kwa bahati nasibu tu. Kisha kila mmoja aligawia wenzake fedha kidogo, na yeye mwenyewe asipate kitu katika ugawaji wake. Wakapendelea kundi lao. Tena walikuwa radhi kundi lao lipate pungufu, mradi lile jingine lipunjwe zaidi. Mliokuwapo bomba letu lilipoharibika mnakumbuka: wako waliosema heri likae limekufa kuliko wenyeji wachote kwanza.

Kumbukumbu nayo huenda njia hiyo hiyo. Mwaka 1980, huko Marekani, John Howard na Myron Rothbart waligawa watu kwa jambo dogo vilevile, wakawapa wasome mema na mabaya ya makundi yote mawili. Baadaye watu walikumbuka vizuri zaidi mabaya ya kundi lisilo lao kuliko mabaya ya kundi lao.

Lakini kwa nini twende mbali? Wazee wa Arua wapo, waulizeni. Amin alipoangushwa Aprili 1979, kwa kuwa alihesabiwa Mkakwa wa Koboko, watu wote wa West Nile waliitwa watu wa Amin. Tarehe 24 Juni 1981, askari wa serikali waliingia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, ambako raia walikuwa wamekimbilia, wakaua watu wengi. Ni nani kati ya askari wale aliyekumbuka Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, ambaye mwili wake ulikutwa katika Nile mwaka 1974, chini ya Amin huyo huyo? Au Brigedia Charles Arube, aliyekufa Machi 1974 katika jaribio la kumwangusha Amin, naye ni Mkakwa? “Watu wa Amin” ni maneno matatu tu, nayo yaliwafunika wote. Mamia ya maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Baadhi ya wazee mnaowaona kwenye viti vya mbele walikula muhogo wa kwetu.

Mabwana na mabibi wa mashirika, nanyi nawasihi. Kanuni ya kuwapa wenyeji asilimia 30 ya huduma ni njema, twaishukuru. Lakini fomu zenu zina visanduku viwili tu, mkimbizi na mwenyeji, na watoto wangu darasani wameshajifunza kuvisoma kabla ya kujua hesabu za kugawanya.

Sasa nirudi kwenye ule mstari wa kuni. Niliwatafuta akina mama wenyewe. Walisema waliowapiga ni vijana watatu, nao wanawajua. Wakasema pia kwamba aliyewaokoa ni mzee mmoja mwenyeji, aliyewafukuza vijana kwa fimbo yake, akawabebea kuni mpaka njiani. Mzee huyo hayumo katika daftari. Na aliyeandika mstari ule, ndugu zangu, ni mimi. Mwezi ule Katibu alikuwa mgonjwa, kalamu nilishika mimi. Akina mama walinieleza habari ya mzee siku ile ile. Niliisikia, nikaiacha.

Kwa idhini ya Kamati nimeandika upya ukurasa ule: majina matatu, na chini yake jina la mzee. Yumo humu ndani leo, ila amenikataza kumtaja. Mwenyekiti wa LC amekubali kuja Jumamosi na daftari lake, ili yule kuku naye atafutiwe mwizi wake.