Stesheni ya Kima na Watu Wake



Tumeombwa tuseme habari za stesheni ndogo za reli, nasi tumechagua moja, Kima, katika nchi ya Ukambani, karibu na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Wengi wenu mmepita hapo mkisinzia ndani ya basi.

Kima inajulikana kwa ajili ya simba, basi hatuna budi kuanza naye. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 1900 simba mmoja alizoea kula watu wa Kima. Usiku mmoja alipanda juu ya paa la stesheni akaanza kurarua mabati, na karani wa simu aliyekuwa chini yake akapeleka habari kwa waya kuomba msaada. Dereva mmoja wa gari la moshi akajificha ndani ya tangi la maji apate kumpiga risasi; simba akalipindua tangi, na dereva akaponea chupuchupu. Mwezi wa Juni akafika Bwana Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Behewa lao liliwekwa njia ya pembeni. Bwana Ryall akashika zamu, na yaonekana usingizi ulimshinda. Simba akaingia kwa mlango, akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamchukua Ryall na kutoka naye dirishani.

Baadaye simba huyo alinaswa mtegoni, akawekwa siku chache watu wamtazame, kisha akauawa. Behewa lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya reli, Nairobi.

Sasa tazameni. Kabla ya Ryall, simba alikuwa amekwisha kuchukua watu wa stesheni. Hao hutajwa kwa kazi zao tu: masta wa stesheni, mtu wa ishara, mtu wa pointi. Na kule Tsavo, mwaka 1898, Wahindi 28 waliouawa na simba walihesabiwa, lakini Waafrika hawakuandikwa. Aliyeshindwa na usingizi ana behewa. Mtu wa pointi aliyeliwa kabla yake hana hata jina.

Tena ndugu, kwa nini stesheni iliwekwa pale porini? Si kwa ajili ya abiria, maana walikuwa wachache. Njia ni moja tu, na magari mawili yakitoka pande mbili lazima moja lisimame pembeni lingine lipite. Dereva hakuruhusiwa kuondoka mpaka apewe idhini mkononi kwamba njia iliyo mbele yake ni tupu. Kwa hiyo palihitajika mtu wa kutoa idhini, mtu wa kugeuza pointi na kuwasha taa za ishara, na gengi la kukaza bolti, kupakia kokoto na kufyeka majani, mvua au jua. Watu hao walikaa hapo na wake zao na watoto wao. Stesheni ndogo ilikuwa kijiji.

Kilichoviua vijiji hivi si simba. Mwaka 1955 zilianza kuja injini kubwa za mvuke, 34 kwa jumla, kila moja tani 252, zikavuta mzigo mkubwa kwa safari moja. Tangu mwaka 1960 zikaingia za dizeli, ambazo hazisimami kunywa maji njiani. Barabara ikatiwa lami, malori yakaongezeka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika na reli ikagawanywa. Mwaka 1978 bomba la mafuta likafunguliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, likachukua mzigo uliokuwa wetu. Magari yakipungua, hakuna wa kupishana; na pasipo kupishana, mtu wa pointi ni wa nini? Mwaka 2006 uendeshaji ulipewa kampuni binafsi, na mwaka 2017 mkataba huo ukakatizwa. Mwaka huohuo gari la usiku la abiria likaondolewa, na reli mpya ikafunguliwa tarehe 31 Mei. Reli mpya ina stesheni Emali na Kibwezi. Kima haimo.

Hatusemi gari lisimamishwe Kima kwa sababu ya huruma. Jambo letu ni jingine. Tumemwona mzee mmoja wa gengi aliyekwenda ofisi fulani kudai malipo yake ya uzeeni. Aliulizwa alifanya kazi wapi. Akataja stesheni ndogo iliyokwisha kufungwa, na masta wake aliyekwisha kufa. Karani akamwambia alete karatasi. Karatasi ipi, ndugu, na kitabu cha stesheni kimeliwa na mchwa? Mzee alirudi mikono mitupu, nauli ameilipa mwenyewe.

Basi tumenunua daftari. Kila mwenye baba, mjomba au jirani aliyefanya kazi katika stesheni ndogo ya njia hii amlete, au aandike jina lake, kazi yake, stesheni, miaka yake, na majina ya wenzake wawili wanaoweza kumshuhudia. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Daftari liko kwa katibu wa tawi, kila siku baada ya saa za kazi, na Jumamosi mchana.