Bei ya Nyumba Iliyochomwa

Msikilizaji, mwaka 1992 Kenya haikuwa na vita na nchi yoyote. Ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa Desemba, wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini. Lakini Bonde la Ufa na maeneo ya jirani watu walikuwa wakiuawa kwa mishale na mapanga, na mashamba yakibaki bila wenyewe. Septemba mwaka huo, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, ilitoa ripoti kuhusu mapigano hayo. Ndani ya ripoti ile mlikuwa na bei.

Kamati iliambiwa kwamba vijana waliopelekwa kupigana walilipwa shilingi 500 kwa kila aliyerudi salama. Kati ya 1,000 na 2,000 kwa mtu mmoja aliyeuawa, au kwa nyumba ya nyasi iliyochomwa. Na 10,000 kwa nyumba ya kudumu. Tafakari hesabu hiyo. Uhai wa binadamu ulilingana na paa la nyasi, na nyumba ya kudumu ikamshinda mtu mara tano, hata mara kumi.

Nimeanza na bei hizo kwa sababu kila uchaguzi unapomwaga damu tunaambiwa kwamba ni ukabila, kwamba ndivyo tulivyo. Chuki ipo, na dhuluma za ardhi zipo. Anayezikana hajaishi Kenya. Lakini chuki peke yake haikodi lori wala hainunui petroli. Majirani wa Molo na Burnt Forest, huko Bonde la Ufa, waliishi pamoja, wakauziana maziwa na mahindi, wakaoana. Moto uliwaka kura zilipokaribia, na mahali palepale ambapo mwanasiasa alitaka wapigakura fulani wahame. Vurugu za kisiasa katika nchi yenye amani ni kazi ya kuajiriwa. Ina mwajiri, na mwajiri huyo ndiye tusiyemgusa.

Bunge lilikataa kuipitisha ripoti ya Kiliku. Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Pwani. Usiku wa Agosti 13, 1997, genge lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua maafisa, likabeba bunduki, kisha likawageukia watu waliotoka bara. Katika wiki zilizofuata waliouawa walizidi 100. Baadhi ya vijana wale walikuwa wamelishwa kiapo na kufanyishwa mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo, kule Kwale, wakiahidiwa ardhi na kazi. Ardhi hawakupewa. Walichopata wenyeji ni misako ya polisi iliyowakumba wenye hatia na wasio nayo, na hoteli zilizobaki tupu baada ya watalii kukimbia. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza, ikamaliza mwaka 1999, na ripoti yake ikafungiwa hadi 2002.

Nadhani unaona tunakoelekea. Mwishoni mwa 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa, nchi ililipuka. Januari 1, 2008, wanawake na watoto waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humo humo. Kabla ya mwezi kwisha, kisasi kilifika Naivasha, ambako watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi, na nyingi ya risasi hizo zilitoka kwa polisi, watu wanaolipwa kwa kodi yetu watulinde. Tume ilisema baadhi ya fujo zilizuka zenyewe na nyingine zilipangwa. Ikasema pia kwamba tulifika hapo kwa kuwa waliotangulia hawakuadhibiwa.

Waki alitaka mahakama maalum ya kuwashtaki wahusika. Februari 2009 Bunge likaikataa. Bahasha ya majina ya washukiwa, ambayo tayari ilikuwa kwa mpatanishi Kofi Annan, ikafikishwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Kule, mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014 kwa ushahidi kutotosha, na Aprili 2016 majaji wakaisitisha kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang. Hakuna aliyetiwa hatiani, na uamuzi wa mahakama tuuheshimu. Lakini watu 1,133 hawakujiua, na waliowaua walitumwa, walisafirishwa, au waliachiwa.

Kazi hiyo ya kukodiwa kufanya fujo ingali ipo sokoni. Juni 17, 2025, mchana kweupe katikati ya Nairobi, wanaume wenye marungu na mijeledi, wengi wao juu ya pikipiki, waliwavamia waandamanaji waliokuwa wakidai haki kwa mwalimu na mwanablogu aliyefia mikononi mwa polisi. Nani alijaza mafuta kwenye pikipiki zile?

Swali hilo lina jibu. Pesa za 1992 zilipita mkono kwa mkono gizani. Za leo hupita kwenye simu, na kila shilingi huacha alama. Mpelelezi anayetaka kumjua mwajiri anaweza kumfikia bila kumpiga kijana hata kofi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 ipo, na Tume ya Uchaguzi ina uwezo wa kumwondoa mgombea anayevunja kanuni za maadili. Kinachokosekana ni mtu mmoja mkubwa aliyezuiwa kuwania kiti kwa sababu alilipia fujo. Siku hiyo ikifika, biashara hii itaanza kukosa wateja.

Nasi wa redio tuna sehemu yetu. Tume ya Waki iliandika kwamba baadhi ya vituo vya lugha za mama vilichochea. Anayetaka kuiita jamii nyingine madoadoa, yaani wageni wa kufukuzwa, asipewe kipaza sauti, hata kama amelipia tangazo.

Na wewe kijana uliyeko kijiweni, ukiletewa 500 ukavuruge mkutano wa mtu, uliza mtoto wa aliyekutuma yuko upande gani wa mapigano hayo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Kila mgombea atakayesimama mbele yako kabla ya siku hiyo, awe wa chama chako au cha jirani, mwulize hadharani: vijana hawa unaotembea nao, nani anawalipa, na wanalipwa kwa kazi gani? Asiyeweza kujibu, usimpe kura, hata akiwa ndugu yako.