Nakala za Zamani za Hesabu Zetu Zitunzwe Hata Lini?



Siku hii Chama chetu Kikuu chatimiza miaka 10. Wenzetu wamekwisha kusema habari za bei na za maghala. Sisi wa Ofisi ya Hesabu tumepewa neno moja: nakala za zamani za hesabu zetu, zilizomo katika kompyuta, yafaa zitunzwe kwa muda gani?

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari letu ni kompyuta, nayo huharibika, huibwa, na huweza kufungwa na wadukuzi wadaio fedha. Kwa hiyo kila Jumapili twachukua nakala kamili ya hesabu zote, na kila jioni, tangu Jumatatu hata Jumamosi, nakala ya nyongeza, yaani yale tu yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia. Nyongeza ni ndogo, wala haijazi diski upesi.

Lakini fahamuni, ndugu zetu, nyongeza haisimami peke yake. Kompyuta ikiharibika Ijumaa mchana, hatuna budi kuanza na nakala ya Jumapili, kisha kuongeza ya Jumatatu, ya Jumanne, ya Jumatano na ya Alhamisi. Ikipotea ya Jumanne, zilizoifuata hazina pa kushika, na hesabu zitarudi mpaka Jumatatu tu. Basi mtu asifute nyongeza moja moja kwa kuwa ni ya zamani. Hufutwa mnyororo mzima, nakala kamili pamoja na nyongeza zake, na hapo ni baada ya mnyororo mpya kukamilika na kujaribiwa.

Je, ufutwe baada ya siku ngapi? Hapa ndipo penye haki ya mkulima. Tuseme mwanachama alipima kilo 186 za kahawa mwezi wa Agosti. Septemba, karani akisahihisha jina lake, kwa bahati mbaya kilo zikageuka kuwa 86. Hakuna ajuaye mpaka Machi, malipo ya pili yasomwapo. Kama twatunza nakala za siku 30 tu, zote zina kosa lile lile, na mkulima ambaye stakabadhi yake imelowa mvua hana shahidi. Ikiwapo nakala ya mwisho wa Agosti, kilo zake 100 zaonekana.

Hivyo twapendekeza ngazi tatu, ambazo mafundi huziita mwana, baba na babu:

Kwanza, minyororo ya kila juma itunzwe majuma 5.

Pili, nakala kamili ya mwisho wa kila mwezi itunzwe miezi 18, ipite msimu mzima na malipo yake yote.

Tatu, nakala ya kufunga msimu, baada ya ukaguzi, itunzwe muda usiopungua miaka 5, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu zitunzwe muda huo.

Wako waulizao kwa nini tusitunze zote daima. Diski ni fedha za wanachama. Tena nakala hizo zina majina, simu na akaunti zenu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haipendi zikae kupita haja yake.

Mwisho, nakala isiyojaribiwa si akiba. Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, yenye mafundi hodari, ilifuta data zake kwa bahati mbaya, ikakuta njia zake kadhaa za akiba hazifanyi kazi. Kazi ya saa 6 hivi ikapotea. Basi kila mwezi turejeshe nakala moja katika kompyuta nyingine, tuilinganishe na stakabadhi za chama kimoja cha msingi, mbele ya mjumbe wa Halmashauri. Na diski moja ikae mbali na ofisi, bila kuunganishwa na mtandao.

Twawaomba wajumbe walipokee shauri hili, ili jasho la mkulima lisifutike kwa kidole cha karani.

Chama chetu kidumu.